Somo: Kufungua karakana ya uchoraji mtaani kwa wasanii wenye ulemavu

Wadau, salaam. Nimeombwa niandike hatua kwa hatua. Yetu ni chumba kimoja na baraza, wachoraji 9, kwa hiyo chukueni kama uzoefu wa wadogo.

Hatua ya 1: Choo kabla ya rangi.
Chumba chetu cha kwanza kilikuwa na dirisha zuri sana, ila choo kilikuwa uani, unashuka ngazi nne. Mwenzetu wa kiti mwendo akawa hanywi hata tone la maji tangu asubuhi ili asisumbue mtu. Tulikuja kugundua wiki ya tatu, na aibu ile sijaisahau. Kwa hiyo, kagua choo kwanza. Njia ya mteremko iwe sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka sentimita 180. Mlango usipungue sentimita 90. Chini ya meza acha kama sentimita 70 ili magoti yapite.

Hatua ya 2: Watafute watu.
Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), na walimu wa vitengo vya elimu maalumu. Wengine wamefungiwa ndani. Huko nenda na mama mtu mzima anayeheshimika, usiende na kamera.

Hatua ya 3: Vifaa.
Mchoraji wetu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya silingibodi, na wengi tumerithi hapo. Tatizo, rangi ile inataka thina, na harufu yake kwenye chumba kidogo inamtesa mwenye pumu. Sisi tunatumia rangi ya maji.
Kwa mkono usiokaza, kata tyubu kuukuu ya baiskeli utepe wa vidole viwili, uzungushie mpini wa brashi mpaka unene kama gunzi la hindi. Chini ya ubao tandika kitambaa kibichi, hautelezi. Wenye ualbino wakae dirisha likiwa nyuma yao, na ubao uinuliwe uwasogelee macho.

Hatua ya 4: Subiri.
Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanamshika mtu mkono achore twiga, kwa kuwa twiga anauzika. Judith Scott, Mmarekani kiziwi mwenye ugonjwa wa Down, aliishi miaka 35 hivi kwenye taasisi za kufungia watu. Mwaka 1987 pacha wake alimpeleka Creative Growth, karakana ya Oakland iliyoanza 1974. Karibu miaka 2 alipewa penseli na rangi, hakujali. Siku aliyokutana na nyuzi, akaanza kuvizungushia vitu nyuzi hizo mpaka vikawa sanamu, wala hakuacha mpaka alipofariki 2005. Sanamu zake leo ziko kwenye makumbusho makubwa. Karakana ingemfukuza mwezi wa tatu kwa "uvivu", tusingemjua. Basi weka mezani udongo, nyuzi, vitambaa, mkaa, ukae kimya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi sijui lugha ya alama. Nianze na viziwi au niwaache?
Jibu: Anza, ila mwalimu mmoja awe kiziwi, umlipe kama mwalimu. Ukitaka kuita watu, zima na uwashe taa. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza 2003, ilianza na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo.

Swali: Shikamoo dada. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, mikono inaruka. Ataweza kweli?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mpe ubao mkubwa, umfungie mezani kwa tepu, na sponji badala ya brashi. Mkono unaoruka una mstari wake, usiunyooshe. Njoo naye Jumamosi asubuhi, akiwa hajachoka.

Swali: Hela mnapata wapi?
Jibu: Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na kati ya hizo 10, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Sajilini kikundi, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni mkopo, si sadaka, unarudishwa.

Swali: Mkuu, wateja si wananunua kwa huruma tu?
Jibu: Wapo. Ndiyo maana lebo yetu ina jina la mchoraji, vifaa na bei, basi. Juzi mteja aliomba apunguziwe picha ya mbuzi. Aliyeichora, ambaye huwa hasemi, akaichukua ukutani na kuirudisha kabatini. Mteja alilipa bei kamili.