Somo: Njia ya kuufikia ubingwa bobezi wa macho ya watoto

Wenzangu madaktari wa macho, na ninyi mlio bado katikati ya MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa), karibuni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila watu milioni 10 wawe na angalau kituo kimoja cha rufaa cha macho ya watoto. Sensa ya 2022 iliikuta Tanzania na watu zaidi ya milioni 61. Jihesabieni wenyewe ni hospitali ngapi mnazozijua zenye daktari wa macho aliyebobea kwa watoto, mtaalamu wa kumlaza kichanga usingizi, na fundi wa kumpimia miwani. Ndiyo maana nawasihi wengi zaidi mwende kuusomea ubobezi huu.

Hatua ya 1: Kamilisha msingi. Unahitaji MMed ya macho (Muhimbili, KCMC Moshi, Nairobi, Makerere, Mbarara) au ushirika (fellowship) wa COECSA, chuo cha madaktari wa macho cha kanda yetu chenye makao Nairobi. Wakati unasoma, jisajili Cybersight, jukwaa la mafunzo ya macho mtandaoni la shirika la Orbis. Kozi zake za mtandaoni ni bure, na unaweza kumtumia mshauri picha na maelezo ya mgonjwa akakuongoza.

Hatua ya 2: Jua unafuata nini. Hapa ndipo napenda tukae kidogo. Kichanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho upande mmoja anatakiwa afanyiwe upasuaji kabla au karibu na wiki ya 6; akiwa nao pande zote mbili, karibu na wiki ya 8. Ukichelewa, lenzi utaitoa salama kabisa na mtoto hataona vizuri, kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia jicho lile. Tena kwa mtoto mdogo kifuko cha lenzi cha nyuma ukikiacha kitaingia ukungu, hivyo unakifungua na kuondoa sehemu ya mbele ya ute wa jicho palepale, kabla hajaamka. Baada ya hapo kazi bado ni ndefu: miwani inayobadilishwa kadiri anavyokua, kuliziba jicho lenye afya ili lile dhaifu lifanye kazi, na kupima presha ya macho mwaka baada ya mwaka. Ongeza makengeza, retina (pazia la nyuma ya jicho) za watoto njiti, na retinoblastoma, saratani inayoua mtoto ambaye angepona iwapo weupe katika mboni yake ungetambuliwa mapema.

Haya hayafundishiki kwa kusimama nyuma ya daktari mwingine ukitazama. Kabla ya kuomba nafasi, andika barua pepe uulize: nitafanya upasuaji mara ngapi kwa mkono wangu mwenyewe? Nitapata muda kliniki ya miwani na wodi ya njiti? Wakikujibu kwa maneno ya jumla, tafuta pengine, hata kama jina lao ni kubwa.

Hatua ya 3: Chagua mahali. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ina huduma kubwa ya macho ya watoto, na wagonjwa wake ndio hao utakaorudi kuwatibu. India wengi huenda hospitali za macho: Aravind, Madurai. L V Prasad, Hyderabad. Au Sankara Nethralaya, Chennai. Baraza la Kimataifa la Macho, ICO, limekuwa likitoa ufadhili wa mafunzo mafupi, mara nyingi ya miezi mitatu. Uingereza kuna MTI, mpango wa mafunzo kwa madaktari wa kutoka nje, hadi miezi 24. Kwa maoni yangu, anza na Dar au India: utakutana na watoto walioletwa wakiwa wamechelewa, kama wetu.

Hatua ya 4: Nyaraka. Pasipoti, vyeti, hati ya mwenendo mwema kutoka baraza la madaktari, barua za wadhamini, daftari la upasuaji uliofanya. Vibali vya nchi unakokwenda huchukua muda, anza mapema.

Hatua ya 5: Maliza na mwajiri kabla hujapanda ndege. Likizo ya masomo iwe kwa maandishi. Iandikwe pia kwamba ukirudi utakuta mashine ya kukatia ute, siku ya upasuaji wa watoto kila wiki, na mtu wa usingizi. Mbobezi akirudi bila hivi, mwaka haupiti anarudi kutibu watu wazima tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Daktari, Mwanza: Mimi nina MD tu, shahada ya kwanza ya udaktari. Naweza kuruka MMed?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ubobezi hujengwa juu ya ubingwa. Wizara ya Afya ina ufadhili wa Samia kwa ubingwa na ubingwa bobezi. Fuatilia matangazo yake.

Daktari, Kisumu: Nina mtoto anayenyonya. Miezi mitatu inatosha?
Jibu: Inatosha kupata ujuzi mmoja, dada, mathalani kuchunguza retina za njiti. Ubobezi kamili unahitaji mwaka au zaidi. Nenda kwa hiyo mitatu sasa, mwaka utafuata mtoto akikua.

Daktari, Bukoba: Nataka kujifunza zaidi retinoblastoma.
Jibu: Uko karibu. Vuka mpaka hadi kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, Uganda, wana uzoefu wa miaka mingi wa kuitibu.

Muuguzi, Tanga: Sisi wasio madaktari tuna nafasi?
Jibu: Kubwa sana. Moshi, KCCO, kituo cha huduma za macho kwa jamii, kilisisitiza kila hospitali ya macho ya watoto iwe na mratibu wa kuwafuatilia watoto: anaandika namba ya simu ya mzazi na ya jirani, anapiga kabla ya siku ya kliniki, na familia inarudishiwa nauli. Mweleze mganga mkuu wako kuwa unaitaka kazi hiyo, na uanze na daftari la watoto waliofanyiwa upasuaji mwaka huu.