Propela ya Manyuo: Usiikate Kabla Gari Halijakanyaga Chini

Nilipong'oa giaboksi ya otomatiki kwenye gari langu la saluni la mwaka 1983 na kuweka ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono) ya gia tano, nilipima propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya ekseli ya nyuma, bodi ikiwa juu ya stendi na difu inaning'inia. Propela ikakatwa, ikaingia bila shida. Tuta la kwanza tu nikasikia "ko!" chini ya miguu. Difu ikipanda, propela husukumwa mbele, na yangu haikuwa na pa kwenda: ncha yake iligonga ndani ya mkia wa giaboksi, bushi ikapasuka, oili ikamwagika njia nzima.

Kwa hiyo propela iwe ya mwisho. Funga kwanza injini, giaboksi na mauntini mpya (vishikizo vyake vya mpira), maana mauntini iliyolegea huishusha giaboksi na kipimo kikawa cha uongo. Kisha shusha gari, litikise mara kadhaa likae kwenye springi zake. Ukihitaji nafasi ya kuingia chini, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene. Uzito ubaki kwenye matairi.

Kabla ya urefu, hesabu meno. Usiamini jina la giaboksi. T5, giaboksi ya manyuo ya gia tano, ya Chevrolet ina meno 27 kwenye shafti ya kutokea, T5 ya Ford ina 28, na zote zinaitwa T5. Ukitoka TH350 ya otomatiki, yenye meno 27, kwenda hiyo T5 ya Chevrolet, meno yanalingana. Ukitoka TH400, otomatiki nyingine yenye 32, yoki ya zamani (kipande cha mbele cha propela kinachoteleza ndani ya giaboksi) haikusaidii kitu. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, uhesabu mzunguko mzima mara mbili. Pima pia kwa kalipa unene wa nje wa yoki, pale inapopita kwenye sili ya kuzuia oili. Meno yanaweza kuingia vizuri huku yoki ikiwa nyembamba kidogo, na hapo oili itavuja hata ubadilishe sili kila wiki.

Sasa urefu. Sukuma yoki ndani mpaka igote, chora mstari kwa kalamu ya wino pale sili inapoishia, halafu ivute nje milimita 20 hadi 25. Ikiwa hapo, pima kutoka katikati ya tundu la krosi (kiungo cha msalaba kinachoruhusu propela kupinda) la yoki hadi katikati ya tundu la krosi upande wa difu. Pima mara tatu, na mwenzako ashike ncha ya pili ya futi kamba. Baadaye inua bodi difu ining'inie uangalie upande wa pili: meno mengi bado yawe ndani. Kama yamebaki machache, tafuta yoki ndefu zaidi.

Pembe ndizo watu huzipuuza, nami naziona muhimu kuliko unene wa bomba. Krosi ikiwa imepinda, propela huenda mbio na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya nyuma ndiyo inayofuta kosa la ile ya mbele. Itafanya hivyo tu kama pembe mbili zinalingana, tofauti isizidi digrii 1, na yoki za ncha zote mbili za bomba zimekaa mstari mmoja. Kila krosi ipinde digrii 1 hadi 3. Sifuri nayo ni mbaya, kwa sababu sindano za beringi ndani ya krosi hazizunguki, zinachimba sehemu moja tu. Ukichomelea mabano mapya ya giaboksi, rekebisha pembe hapo hapo kwa vipande vya bati, kabla ya kufikiria propela.

Ukibadilisha na difu, piga hesabu ya mwendo. Tairi lenye mzingo wa mita 1.9, gari likienda kilomita 120 kwa saa, propela huzunguka mara 4,105 kwa dakika kwa difu ya 3.9 (propela huzunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja). Weka ya 4.3, inafika 4,526. Bomba refu na jembamba huanza kuyumba mapema: ukirefusha mara mbili, mwendo linaoweza kuvumilia hushuka hadi robo. Kama propela yako ya asili ilikuwa vipande viwili vyenye beringi ya katikati, usikimbilie kuifanya kipande kimoja.

Ikishabalansiwa na kufungwa, paka yoki wino ule ule karibu na sili, uendeshe kwenye barabara mbovu, kisha chungulia. Sehemu iliyofutika ndiyo safari halisi ya propela. Mtetemo ukija, kanyaga klachi ukiwa kwenye mwendo ule ule uache injini ishuke. Mtetemo ukiendelea, rudi chini ya gari na kipima pembe. Ukikatika, injini au klachi ndiyo ya kuangaliwa.