Somo: Kurudi kwenye chakula kigumu na mboga baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Somo la leo ni la yule aliyemaliza wiki za supu na vyakula vya kusaga, daktari kamruhusu kuanza kutafuna, na sasa anaitazama sahani kwa hofu. Hofu hiyo naielewa. Lakini kabla ya hatua zenyewe, shika neno hili moja: wengi wanaoumia kipindi hiki huumizwa na tonge kubwa lililomezwa haraka, hata kama chakula chenyewe kilikuwa kizuri.

Sababu iko ndani. Aliyefanyiwa upasuaji uitwao slivu ameondolewa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula, na kilichobaki kina umbo la mrija. Aliyefanyiwa ule uitwao baipasi amebaki na kifuko cha mililita 30 hivi, kinachopitisha chakula kwenye utumbo mwembamba kupitia tundu dogo. Tumbo la zamani lilikuwa kubwa na lenye misuli ya kusaga. Ulipomeza bila kutafuna, lilikumalizia kazi. Sasa kazi hiyo imehamia mdomoni.

Hatua ya 1: Usitangulie ratiba yako

Kwa kawaida vimiminika huchukua wiki 1 hadi 2, vyakula vya kusaga huendelea mpaka kama wiki ya 4, kisha vyakula laini mpaka wiki ya 6 au ya 8, ndipo vigumu. Timu yako ikikupa tarehe tofauti, fuata za kwao, maana wao ndio walioona kilichofanyika ndani. Mshono unahitaji muda wa kupona, na kujisikia vizuri si ushahidi kwamba umepona. Kama jana ulitapika chakula laini, leo si siku ya kupanda ngazi.

Hatua ya 2: Protini itangulie

Lengo la watu wengi ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa tumbo dogo hivyo hutazipata ukianza na mboga. Anza na yai lililopikwa laini, samaki wa mvuke asiye na miba, mtindi usio na sukari, maharage yaliyoiva sana na kupondwa. Kuku aanze na paja lililopikwa kwenye mchuzi. Kidari kikavu ndicho kinachokwama kwa wengi, na nyama ya jana iliyopashwa moto huwa kavu zaidi. Nyama nyekundu iache iwe ya mwisho, tena ianze ikiwa ya kusaga.

Hatua ya 3: Mboga zilizopikwa

Hapa ndipo watu hukosea kwa nia njema. Mtu amejiwekea nadhiri ya kula vizuri, basi siku ya kwanza tu anajaza bakuli la kabichi na mahindi. Mboga ni nzuri, ila nyuzinyuzi zake ndizo zinazolisumbua tumbo jipya. Nyuzi ndefu ambazo hazikutafunwa zinaweza kujikusanya na kuwa bonge linaloziba njia. Bonge la namna hiyo halitokei kila siku, lakini likitokea ni la kupelekwa hospitali.

Kwa hiyo anza na zile zinazopondeka kwa mgongo wa uma: karoti, boga, vichwa vya koliflawa na brokoli bila vikonyo. Menya maganda, toa mbegu, pika mpaka ziive kabisa. Mboga za majani zichambue, uondoe mishipa ya katikati, uzikatekate ndogo kabla ya kupika, kwa sababu jani refu likilainika huteleza kooni likiwa bado zima. Kabichi, brokoli na jamii yake huleta gesi, basi zionje kidogo kwanza.

Kijiko kimoja au viwili baada ya protini vinatosha mwanzoni. Na jaribu chakula kipya kimoja kwa siku. Ukijaribu vitatu kwa mlo mmoja kisha tumbo likakukataa, utamlaumu nani? Andika kwenye daftari ulichokula na ulivyojisikia. Chakula kilichokushinda leo usikifute maishani; kijaribu tena baada ya wiki chache.

Hatua ya 4: Mboga mbichi

Wengi huzifikia baada ya mwezi wa 2 au wa 3. Tango lililomenywa na kutolewa mbegu, nyanya isiyo na ganda, majani laini ya saladi. Seleri, mahindi, karoti mbichi na ile ngozi nyeupe ya chungwa visubiri zaidi.

Hatua ya 5: Wali, mkate na tambi

Hivi huja mwisho. Mkate laini hugeuka donge, wali na tambi huvimba, na vyote vinakalia nafasi ya protini. Mkate uliokaushwa kwa moto huwa rahisi zaidi kuliko ule laini.

Namna ya kula, katika kila hatua

Tonge liwe dogo kama ncha ya kidole cha mwisho. Tafuna mara 20 hadi 30, mpaka lisiwe na umbo. Weka uma chini kati ya tonge na tonge. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Acha kunywa unapoanza kula, na ukimaliza subiri dakika 30. Kati ya milo kunywa kidogo kidogo ufikishe angalau lita 1.5 kwa siku.

Jifunze dalili yako ya kushiba. Kwa mwingine ni kwikwi, kwa mwingine ni makamasi kutiririka ghafla au mgandamizo chini ya mfupa wa kifua. Ikija, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jana kipande cha kuku kilinikwama. Mate yakanijaa mdomoni, nikatema povu. Nifanye nini ikijirudia?*

Pole sana ndugu yangu. Acha kula, simama, tembea polepole. Usinywe maji ukidhani yatakisukuma. Yatajaa juu yake na kuongeza maumivu. Mara nyingi hupita chenyewe au hutoka. Kikipita, rudi kwenye vimiminika kwa siku hiyo. Lakini ukishindwa kumeza hata mate au maji, nenda hospitali.

*Dada, kwa nini nisisage mboga zote nikanywa juisi? Kutafuna kunanichosha.*

Kwa sababu kimiminika hupita haraka na hakikushibishi, na juisi ya matunda huingiza sukari nyingi kwa mkupuo. Supu nzito ya mboga ni sawa siku ukiwa hoi. Ila kutafuna ni zoezi lenyewe, mdogo wangu, usilikimbie.

*Nilifanyiwa baipasi. Nusu saa baada ya kula kitu kitamu moyo ulienda mbio, jasho, tumbo likaharisha. Ni mzio?*

Unavyoeleza inafanana na kile madaktari wanachokiita dampingi: sukari imeshuka kwenye utumbo kwa kasi. Kuna nyingine huja baada ya saa 1 hadi 3, sukari ya damu ikishuka, ukatetemeka na kuishiwa nguvu. Punguza vitamu, tanguliza protini, tenga vinywaji na mlo, na umweleze daktari wako.

*Choo kimekuwa kigumu tangu nianze nyama. Niongeze mboga mbichi?*

Hapana kaka, bado mapema. Angalia maji kwanza. Wengi wenye shida hii hawafiki lita 1.5. Ongeza mboga zilizopikwa na utembee kila siku. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufunga choo, ila usiviache bila kuuliza. Na kama unatumia kalsiamu, itenge na chuma kwa saa 2, maana vinapingana kufyonzwa.

*Mama yangu anatapika kila anachokula, sasa siku ya nne. Anasema ni kawaida ya tumbo jipya.*

Si kawaida, mpeleke leo. Kutapika kwa siku nyingi humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu: mtu huona mbili mbili, huyumba, huchanganyikiwa. Mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo na ametapika siku nne, ili wafikirie kumpa B1 kabla ya dripu yenye sukari. Kama kuna homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, msingoje hata saa moja.