Chakula cha sikukuu ughaibuni: panga watu kabla ya kupanga sufuria

Manung'uniko ya chakula cha sikukuu mara nyingi huwa yameanza wiki kadhaa kabla jiko halijawashwa. Mwenye nyumba ameshaamua peke yake kwamba mwaka huu ni kuku wa oveni na saladi. Mama mkwe aliyefika kutoka Mwanza anajua moyoni mwake kwamba bila pilau hakuna Krismasi. Shemeji wa Kampala anangoja matoke, na watoto waliozaliwa Birmingham wanataka chipsi. Hakuna aliyekosea hapo. Kazi ya anayepanga ni kuyajua matarajio haya mapema, kuyachuja yabaki yale yanayowezekana, kisha kuyagawa kwa watu.

Usiulizie kwenye grupu la WhatsApp. Huko kila mtu atajibu "chochote tu", na hicho chochote ndicho kitakachosemwa baadaye. Wiki tatu kabla, mpigie kila mkubwa wa familia simu yake, umuulize: ni chakula gani kikikosekana ataona sikukuu haijawa sikukuu? Utashangaa jinsi majibu yalivyo machache. Kwa watu 20 hutoka vyakula vitatu au vinne, na hivyo ndivyo nguzo zako. Vilivyobaki ni nyongeza, vinaweza kuachwa bila mtu kuumia. Kosa la kawaida ni kutaka kuwaridhisha wote kwa kupika pilau na biriani siku hiyo hiyo. Vyote viwili vinataka sufuria kubwa na moto ule ule, watu wanachota kidogo huku na kidogo kule, na nusu ya kila kimoja inabaki.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza wasichokula. Kwa Muislamu, halali haiishii kwenye nyama: angalia jelatini kwenye peremende na maziwa mgando ya dukani, divai kwenye mchuzi wa kununua, na wavu wa kuchomea uliokwisha kupita soseji za nguruwe. Wasabato hawali nguruwe, wengine hawali nyama kabisa, na siku ya Sabato hawapendi kuwasha jiko la kupikia karamu. Krismasi ya 2027 itaangukia Jumamosi, kwa hiyo familia yenye Wasabato imalize kupika Ijumaa kabla jua halijazama. Kama kuna mtoto anayedhuriwa na karanga, mchuzi wa karanga ukae pembeni na upawa wake, na anayepakua asiuhamishie kwenye sufuria nyingine. Mzee mwenye kisukari usimpikie sahani ya peke yake inayomtangaza mbele ya wageni. Hakikisha tu mezani pana maharage, mboga na kachumbari ya kutosha, na chai isiyotiwa sukari.

Saa nayo iandikwe vizuri. "Saa 8" kwa mke wa binamu asiyejua Kiswahili ni asubuhi au ni usiku. Andika "saa 8 mchana (14:00)", na useme kama huo ni muda wa kufika au muda wa kula. Ukitaka kula saa 8, waalike saa 7. Idd ni ngumu zaidi kwa sababu mwezi unaweza kuandama siku ya 29 au kukamilisha 30, na ndani ya familia moja wapo wanaofuata Saudia na wapo wanaofuata mwandamo wa nchi wanayoishi. Panga chakula kinachovumilia kusogezwa siku moja: nyama iliyokolezwa viungo ikae kwenye friji, sambusa mbichi zikae kwenye friza, masala ya biriani yapikwe mapema. Mchele na kachumbari visubiri mpaka tangazo litoke. Kwa kuwa Uingereza na Marekani Idd si sikukuu ya kitaifa, familia nyingi huswali na kunywa chai pamoja siku yenyewe, kisha karamu hufanywa Jumamosi au Jumapili inayofuata. Lakini hilo waambie wazee mapema. Wakilisikia siku ya Idd yenyewe wataona wamedharauliwa.

Kugawa kazi

"Leta chochote" huleta soda tano na keki tatu. Mpe kila mtu jina la chakula, kiasi chake, na hali kitakayofika nayo: tayari kuliwa, au cha kupashwa moto. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, kwa sababu nyumba ina oveni moja na jiko la mioto minne. Watu wanne wakifika saa 7:30 kila mmoja na trei ya kupasha, hakuna kitakachoiva kwa wakati. Ruhusu vyakula viwili tu vya kupashwa. Wengine walete visivyohitaji moto: kachumbari, matunda, achari, mahamri, mikate ya sinia, juisi. Mwenye nyumba abaki na wali na nyama, maana ndivyo vinavyobebeka vibaya kwenye gari.

Upishi mpe yule ambaye familia inamwamini kwa chakula hicho, hata kama wewe unakiweza. Kama pilau ya familia ni ya shangazi, mpikaji ni shangazi, nawe ndiye mkata vitunguu wake. Mama mkwe mgeni usimwache akae kochini siku nzima. Mpe kazi ya heshima inayofanyika akiwa ameketi, kama kusimamia viungo au kuchagua mchele, na umuulize mbele za watu kama chumvi imefika.

Fedha zizungumzwe kwa namba. Mwenye nyumba aandike gharama ya nyama, mchele na vinywaji, aigawe kwa kaya, asiigawe kwa vichwa, ili wenye watoto wengi wasibebeshwe zaidi. Mwanafunzi na aliyefika karibuni wachangie kazi.

Manunuzi yanayodanganya

Mbuzi uagize wiki mbili kabla. Bucha nyingi za halali hupata mbuzi kwa oda, na wiki ya sikukuu foleni ni ndefu. Uliza wazi kama ni mbuzi au kondoo, kwa sababu maduka mengine ya Kiasia huviita kwa jina moja, na kuna wazee wasiogusa kondoo kwa sababu ya harufu ya mafuta yake. Nchi nyingi haziruhusu kuchinja nyumbani, kwa hiyo anayetaka mbuzi mzima aagize mzoga, na aombe matumbo, kichwa na miguu mapema, maana visipoombwa hutupwa. Nyama ikikatwa kwa msumeno wa umeme hubaki na vumbi la mifupa. Lifute kwa karatasi ya jikoni kabla ya kuinjika, vinginevyo supu itakuwa na mchanga. Nyama iliyoganda iyeyushwe ndani ya friji, siku nzima kwa kila kilo mbili au mbili na nusu, wala usiiache mezani.

Ndizi za matoke zikikosekana, wengi hukimbilia zile ndizi kubwa za Afrika Magharibi na Karibiani. Hizo ni ngumu, kavu na zina utamu, na Mganda atazijua kabla hajaonja. Bora ndizi za kawaida zikiwa mbichi kabisa, ngozi yote kijani. Kwa ugali tafuta unga mweupe laini wa mahindi makavu yasiyopikwa. Ule wa Amerika ya Kusini uliopikwa kabla ya kusagwa haushiki, na ule wa njano wenye chenga hutoa kitu kingine kabisa. Kwa chapati soma pakiti vizuri. Uingereza huuzwa unga uliochanganywa tayari na beking pauda, na chapati yake huvimba kisha hukatika kama biskuti. Kilo moja ya unga wa kawaida, maji ya uvuguvugu karibu mililita 600 na mafuta vijiko vinne vya chakula hutoa chapati 13 au 14. Hesabu mbili kwa kila mtu mzima.

Tui la kopo ni tui zito. Nusu yake ongeza maji upate tui jepesi la kupikia, na zito litie mwishoni moto ukiwa mdogo, ukikoroga upande mmoja. Likichemka kwa nguvu linakatika, na halirudi. Kinywaji cha nazi cha boksi si tui.

Aliyekwenda nyumbani na kutaka kurudi na vyakula aache nyama, samaki wa moshi na maziwa ya aina yoyote. Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka nje yake, na Marekani inataka kila chakula kitangazwe forodhani. Viungo vikavu vilivyofungwa vizuri ndivyo mzigo salama zaidi, navyo pia uvitangaze.

Pilau ya watu 20 kwenye jiko la nyumbani

Pilau nzuri ya watu wanne huharibika ikizidishwa mara tano, na sababu ni mbili. Kwanza, maji hayazidishwi sawa na mchele, kwa kuwa sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kuliko ndogo. Pili, moto wa jiko la ndani hugonga katikati ya sufuria tu, kwa hiyo chini huungua na juu hubaki kiini. Kwa hiyo usitumie sufuria moja. Pika kwenye mbili, kila moja ya lita 7 hivi, na umalizie kwenye oveni.

Kwa sufuria zote mbili pamoja chukua basmati kilo 2.5, nyama yenye mifupa kilo 3, vitunguu maji kilo 1.2, mafuta mililita 400, saumu na tangawizi gramu 80 kila kimoja, bizari nzima vijiko vitano vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chakula, iliki 20, karafuu 15 na mdalasini vijiti vinne. Kiasi hiki kinatosha kama kuna chakula kingine kizito mezani. Kama pilau ndiyo peke yake, ongeza mchele ufike kilo 3.

Chemsha nyama siku moja kabla, iwe laini lakini isiachane na mfupa, na uhifadhi supu kwenye friji. Asubuhi loweka mchele nusu saa, uchuje kabisa. Vitunguu ndivyo vinavyotoa rangi, kwa hiyo usivikimbize. Vikaange taratibu dakika 20 hadi 25 mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, na dakika mbili za mwisho usiondoke hapo, maana kutoka kahawia hadi uchungu ni sekunde chache. Tia saumu na tangawizi, viungo, kisha nyama, kaanga mpaka mafuta yajitenge. Mimina supu iliyochemka, lita 1.4 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mchele, na uionje sasa. Lazima chumvi izidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa. Tia mchele, ugeuze mara moja tu. Ukiendelea kugeuza punje zinavunjika, wanga unatoka, na pilau inakuwa bokoboko.

Supu ikishalingana na mchele na kuanza kutoboka matundu juu, funika kwa karatasi ya aluminiamu chini ya kifuniko, uingize kwenye oveni ya nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 25. Oveni hapa inafanya kazi ya makaa tunayopalia juu ya kifuniko nyumbani. Hakikisha sufuria haina mikono ya plastiki. Ikitoka iache dakika 15 bila kufunuliwa.

Nyama ya kuchoma wakati wa baridi ipike pia kwenye oveni: imefunikwa kwa nyuzi 160 kwa saa mbili, kisha wazi kwa nyuzi 220 dakika 20 mpaka ngozi ya juu iwe kavu. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata dirisha likiwa wazi, wala kwenye gereji. Hewa yake haina harufu, na inaua.

Pilau ikiiva mapema, sanduku la pikniki la kutunzia ubaridi hutunza joto pia. Lisuuze kwa maji ya moto, tandika taulo, weka sufuria, zungushia taulo nyingine, ufunge. Litakuvusha saa mbili. Chapati ziingie kwenye hotpoti zikiwa zimefungwa kitambaa, kwa sababu jasho la kifuniko ndilo linalozilainisha vibaya.

Simu ya nyumbani

Wazee walioko nyumbani nao wanaitarajia siku hii, na simu ya video katikati ya kupakua ndiyo inayopoza chakula. Ipangie saa. London mkila saa 8 mchana wa Desemba, Nairobi ni saa 11 jioni, kwa hiyo simu inaweza kupigwa kabla tu ya kula ili babu aombee chakula. Minneapolis mkila saa hiyo hiyo, nyumbani ni saa 5 usiku na wazee wamelala, basi pigeni saa 3 asubuhi yenu, wakati kule ni saa 12 jioni. Perth mkiketi saa 8 mchana, kule ni saa 3 asubuhi.

Kufungasha

Mgeni kuondoka mikono mitupu hakupendezi, kwa hiyo nunua makontena mapema na uhesabu moja kwa kila kaya. Lakini fungasha kabla, usingoje mwisho. Mara watu wanapomaliza kupakua duru ya pili, hamishia wali uliobaki kwenye trei pana upoe haraka, ugawe, uingize kwenye friji ndani ya saa moja. Wali uliokaa mezani tangu mchana unaweza kuwa na bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa. Wali wa hivyo utupwe, usimfungie mtu. Juu ya kila kontena andika tarehe, na mwambie anayebeba: wali ule kesho, nyama ndani ya siku tatu, na vyote vipashwe moto mara moja tu mpaka vifuke mvuke.