Odisheni ya viti kwenye okestra ya vijana: jinsi ya kujiandaa mpaka siku ya konseti

Juzi nimemaliza kumsaidia mdogo wangu kujiandaa na odisheni ya viti, yaani ile ya kupanga nani anakaa siti ya mbele na nani nyuma, anapiga vayolini, wiki tano tumehangaika naye, na muda wote nilikuwa nakumbuka mwaka ule mimi nilivyopangwa siti ya mwisho kabisa wakati noti zote nilikuwa nazijua. Ndo maana naandika. Nimewalenga zaidi wa nyuzi, wa tarumbeta mtanisamehe.

Hatua ya 1: Toa kopi ya vipande vyako, andika namba za vidole na alama za upinde. Kwa penseli. Habari za kalamu sitaki kuzisikia, karatasi zinarudishwa na alama za upinde zitabadilishwa mara tatu kabla ya konseti.

Hatua ya 2: Sikiliza rekodi ya muziki wote, sio sehemu yako tu. Mbili tatu tofauti zinatosha.

Hatua ya 3: Skeli, unajua mwenyewe.

Hatua ya 4: Metronomu, kile kidude kinachokugongea mapigo. Hapa ndo nilipopotezea siku zangu kwa hiyo vumilia. Watu wengi wanaanza mapigo 60 kwa dakika, wakiweza wanapanda 64, 68, hivyohivyo mpaka wafike 120, wanashangilia, wanafunga kesi. Nilifanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba metronomu ikikugongea kila pigo inakuwa inakubeba, ukiizima huna miguu. Mdogo wangu nilimrekodi kwa simu bila metronomu, alianza 120 safi kabisa, nikapima mwishoni yuko kwenye 138 na hana habari! Tukasikiliza tena tukiwa tunagonga mguu. Kumbe penye noti ngumu hakuharakisha hata kidogo, alikuwa anakula vimya, yaani zile sehemu za kunyamaza anazikata fupi. Kuna baa (za muziki jamani, kile kifungu kidogo cha mapigo, sio zile zingine) yenye noti moja ya mapigo matatu halafu kimya cha pigo moja, pale yeye alikuwa anashika mapigo mawili na nusu, anavuta pumzi, anaingia. Noti ndefu kila mtu anaiona ni mapumziko, ndo hapo unapoliwa.

Dawa yake: kwenye noti ndefu na vimya hesabu vipande vidogo mdomoni, ta-ka-ta-ka-ta-ka, kwa sauti kabisa, mpaka familia ikuchoke. Halafu iweke metronomu 60 badala ya 120 na ile ko uichukulie ndo pigo la pili na la nne, sio la kwanza na la tatu. Siku ya kwanza utachanganyikiwa na utataka kuacha, usiache. Ikishakaa, weka igonge mara moja tu kwa baa nzima. Ila angalizo, usifanye hivi na kipande ambacho vidole bado havijakijua, utajifunza makosa mawili kwa mpigo. Na rekodi kila siku, usisikilize hapohapo, subiri hata nusu saa masikio yapoe. App za bure za metronomu zinatosha. Tyuna ya mshale, kile kifaa cha kuonyesha kama sauti iko juu au chini, ndo siipendi, macho yanafanya kazi ya masikio, bora uwashe sauti moja iendelee kulia na wewe ulinganishe nayo.

Kitu kingine, usianzie baa ya kwanza kila siku. Mimi mwanzo wangu ulikuwa dhahabu na mwisho takataka. Anza na baa nne za mwisho, rudi nyuma.

Hatua ya 5: Kusoma papo hapo, yaani unapewa muziki hujawahi kuuona unaupiga. Kabla hujaanza angalia shapu na flati, mapigo ya baa, na sehemu yenye noti ndogo kuliko zote. Ukikosea usirudi nyuma. Jaji anataka mtu atakayebaki na wenzake.

Hatua ya 6: Siku ya odisheni. Nyuzi mpya usifunge jana yake, zinahitaji siku kadhaa kutulia la sivyo zitakuwa zinashuka katikati ya kipande. Kabla ya noti ya kwanza imba kichwani ile baa ngumu kuliko zote, kasi utakayoiweza pale ndo kasi ya kuanzia. Moyo ukienda mbio kila kitu kinaonekana polepole, usiuamini. Kama majaji wako nyuma ya pazia usiongee kabisa, swali muulize msimamizi kwa kunong'ona.

Mdogo wangu kapata stendi ya pili, upande wa ndani.

Hatua ya 7: Konseti. Stendi moja mnakaa wawili, na anayegeuza ukurasa ni wa ndani, yaani aliye mbali na watazamaji, wa nje anaendelea kupiga. Noti zikigawanyika juu na chini, kwa kawaida wa nje anachukua za juu. Hayo watu hawaambiwi wanakuja kugombana kwenye rihaso. Okestra ikituni, subiri oboe (ala ya kupuliza) itoe noti ya A, usijitungie yako. Ukiwa na baa 20 za kimya hesabu kwa vidole, na andika kwa penseli nani anaingia kabla yako. Beba waya wa E wa akiba, huo ndo mwembamba na ndo unaopenda kukatika. Na kama wewe ndo wa ndani, kunja kidogo kona ya chini ya kila ukurasa ukiwa bado nyumbani, maana jukwaani vidole vina jasho na karatasi mbili zinapenda kugeuka pamoja.