Istilahi za fasihi: namna ya kuzijifunza zikakaa

Orodha ndefu ya istilahi iliyokaririwa usiku mmoja haidumu. Msomaji ameshika fasili tu, hajui mpaka wa neno uko wapi na jirani yake anaanzia wapi. Chukua istilahi tano au sita kwa wiki, si zaidi, na uzichukue kwa jamaa: za ushairi pamoja, za usimulizi pamoja.

Anza na mizizi. Istilahi nyingi za ushairi zina asili ya Kiarabu, na mizizi yake unayo mdomoni kila siku. Anayejua theluthi, robo, humusi na sudusi ameshakaribia tathlitha, tarbia, takhmisa na tasdisa: tungo zenye mishororo (mistari) mitatu, minne, mitano na sita katika kila ubeti. Kariri limo ndani ya takriri, yaani kurudiarudia neno au sauti; sura limo ndani ya taswira, yaani picha inayochorwa kwa maneno. Badili limo ndani ya tabdila, pale mshairi anapobadili silabi ya neno apate kina (silabi zinazofanana katika mishororo) bila kugusa idadi ya mizani, yaani silabi za mshororo. Zidi limo ndani ya mazida, yaani kulirefusha neno ili mizani itimie. Inkisari ni kinyume chake, kulifupisha. Iandike ubavuni mwa mazida, zikumbushane.

Kazi kubwa iko kwenye istilahi zinazochanganywa. Tashibiha hulinganisha kwa kiunganishi: kama, mithili ya, mfano wa, ja. Sitiari huondoa kiunganishi na kulifanya jambo moja kuwa jingine. "Moyo wake ulikuwa kama mtungi uliopasuka" ni tashibiha. "Moyo wake ni mtungi uliopasuka" ni sitiari. Hadi hapo ni rahisi. Tatizo ni kwamba wengi huwinda neno "kama" badala ya kuwinda ulinganishi. Tazama sentensi hizi tatu:

"Kama mvua ikinyesha, hatutaondoka." Hilo ni sharti.
"Alingoja kama saa mbili." Hilo ni kadirio.
"Asha ni mrefu kama dada yake." Huo ni ulinganishi wa kawaida wa watu wawili, hauna picha yoyote.

Hakuna tashibiha hata moja. Vivyo hivyo, "Juma ni mwalimu" si sitiari kwa sababu tu ina "ni". Jiulize: je, vitu viwili vya jinsi tofauti vimekutanishwa, na sifa ya kimoja ikahamia kwa kingine?

Kwa kila istilahi tengeneza kadi. Mbele andika neno. Nyuma andika mambo manne: maana kwa maneno yako, mfano uliotunga mwenyewe, mfano usio wake unaoweza kukuhadaa (kama zile sentensi tatu), na athari yake kwa msomaji. Ongeza majina mengine ya dhana hiyohiyo, maana vitabu havikubaliani: mbinu rejeshi (kuirudisha hadithi kwenye yaliyopita) ni kisengere nyuma, ploti (mpangilio wa matukio) ni msuko, tasfida (kupunguza ukali wa maneno) wengine huandika tafsida. Asiyejua hili hudhani amekutana na dhana mpya.

Rudia kadi baada ya siku 1, 3, 7 na 14. Usisome nyuma kwanza. Sema jibu kwa sauti, ndipo ugeuze. Kulitambua neno ukiliona ni kazi nyepesi kuliko kulitoa kichwani, na mtihani hudai hiyo ya pili.

Athari ndiyo inayosahaulika zaidi. Chukua: "Jua lilichungulia mawinguni, likamtazama Zena, kisha likageuza uso." Kuandika "hii ni tashihisi", yaani kisicho mtu kupewa sifa za mtu, ni robo ya jibu. Endelea: jua limepewa vitendo vitatu vya binadamu, na cha mwisho, kugeuza uso, ni cha kumkana mtu, kwa hiyo upweke wa Zena umesikika bila mwandishi kuutaja.

Msamiati wa uchambuzi nao ujifunze hivyo, hasa vitenzi. "Mwandishi anaonyesha" likijirudia kila mstari huficha fikra. Anadokeza ikiwa hakusema waziwazi. Anasawiri ikiwa anamchora mhusika. Anabainisha ikiwa ameweka wazi lililofichika, na anahoji ikiwa ametilia shaka linalokubalika. Na kwa kuwa sauti inayozungumza shairini huitwa nafsineni, usiandike "mshairi analia": mshairi anaweza kuwa amemtunga mjane, mtoto, au hata mti.