Igeuze kabla ya kuuliza bei

Ukitafuta risiva ya mtumba, ile mashine ya kuendesha spika za sinema ya nyumbani, pale Luthuli Avenue, Nairobi, usianze na wati. Hizo waachie wenye matatu. Igeuze usome kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Ikisema 230V au 220-240V, endelea kuongea bei. 100V ni ya soko la Japani, 120V la Marekani: ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240V yetu, itaungua hata besi hujaisikia. Transfoma ya kushusha umeme itaiokoa, ila ni nzito, huvuma, na itakula pesa uliyodhani umeokoa. Kibandiko hakitakwambia kama matundu ya HDMI, yale ya kebo ya picha na sauti, ni mazima. Beba kebo yako, ujaribu kila tundu palepale dukani.